Nani mwenye usemi barabarani: chama cha wenye nyumba au serikali?

JUNI 30, 2025 ilikuwa siku ya mwisho kwa vyama vya wenye nyumba katika jimbo la Arizona, Marekani, kupigia kura jambo linaloonekana dogo: ni nani aamuaye gari liegeshwe wapi katika barabara ya umma inayopita mbele ya nyumba ya mtu.

Chama ambacho wanachama wake walikataa kukiongezea ruhusa, au ambacho hakikuitisha kura kabisa, kilipoteza mamlaka yake juu ya barabara za umma zilizo ndani ya mtaa. Katika barabara hizo, usemi umebaki kwa manispaa au kaunti.

Kwa mwajiriwa anayerudi nyumbani jioni na gari dogo, huu ni usumbufu tu. Kwa fundi wa mabomba, muuzaji wa matunda au mkulima mdogo ambaye pikapu yake ndiyo duka, ghala na ofisi, hili ni suala la riziki. Akikatazwa kuliegesha karibu na anapolala, ni lazima akodi mahali pengine, na gharama hiyo itatoka kwa faida yake au kwa mfuko wa mteja.

Ndiyo maana mvutano huu wa Marekani unafaa kufuatiliwa na wafanyabiashara wadogo wa huku kwetu, hasa wakati huu ambapo mashamba yaliyo karibu na miji yanageuzwa kuwa mitaa yenye malango, walinzi na kamati.

Vyama vyenye nguvu ya serikali ndogo

Chama cha wenye nyumba nchini Marekani si kama chama cha kuzikana au cha kuweka akiba, ambacho mtu hujiunga akipenda na kujitoa akichoka. Kampuni inayojenga mtaa mpya huandika masharti na kuyasajili pamoja na hati za ardhi kabla ya kuuza nyumba ya kwanza. Anayenunua nyumba hununua na masharti. Anakuwa mwanachama siku hiyo hiyo, na njia ya kujiondoa ni kuuza nyumba.

Masharti hayo hueleza rangi ya ukuta, urefu wa nyasi, mahali pa kuanika nguo na aina ya magari yanayoruhusiwa. Kamati inayochaguliwa na wanachama hukusanya ada, hutoza faini na, katika majimbo mengi, inaweza kuidai nyumba yenyewe kama dhamana ya deni.

Mwaka wa 1970, kwa makadirio ya taasisi ya vyama hivyo, vilikuwa takriban 10,000 na wakazi wake walikuwa karibu milioni 2.1. Leo vyama hivyo vimepita 350,000 na wakazi wake ni zaidi ya milioni 70.

Sababu ya kuenea kwao ni ya kiuchumi. Manispaa hupata mtaa mpya wenye walipa kodi bila kubeba gharama zote za bustani, mitaro na taa, kwa kuwa wakazi huzilipia kupitia chama. Kampuni ya ujenzi nayo hupata njia ya kuhakikisha kwamba mtaa unabaki nadhifu hadi nyumba ya mwisho iuzwe.

Arizona ni mfano mzuri wa mabadiliko hayo. Kwa miaka mingi watoto wa shule huko walifundishwa kwamba uchumi wa jimbo lao ulisimama juu ya shaba, ng'ombe, pamba, matunda jamii ya machungwa na hali ya hewa. Mji wa Gilbert, ulio karibu na Phoenix, ulisifika mwanzoni mwa karne iliyopita kwa biashara ya nyasi kavu za mifugo. Sehemu kubwa ya mashamba hayo sasa ni mitaa ya makazi, na mingi ina vyama vya aina hii.

Barabara ni ya nani?

Kiini cha mgogoro ni umiliki wa barabara. Iko mitaa ambamo barabara ni mali ya chama. Wanachama ndio huzikarabati na aghalabu kuna lango. Huko si ajabu chama kuweka masharti, kama vile mwenye shamba anavyoweza kuamua nani apite katikati ya mimea yake.

Lakini katika mitaa mingine, kampuni ya ujenzi ilipomaliza kuweka lami iliikabidhi barabara kwa manispaa. Tangu siku hiyo ni barabara ya umma. Mashimo huzibwa kwa pesa za walipa kodi wote, akiwemo yule asiyeishi mtaani humo, na polisi wana mamlaka kamili ndani yake.

Je, chama kinawezaje kumtoza mtu faini kwa kuegesha gari mahali ambapo sheria ya manispaa inaruhusu? Jibu la vyama limekuwa kwamba wao hawaitawali barabara bali wanamtawala mwanachama. Mwenye nyumba aliahidi, aliponunua, kwamba hatalaza gari lake barabarani. Akilaza, amevunja ahadi, hata kama hajavunja sheria.

Hoja hiyo ina mantiki kisheria, ila huzaa jambo la ajabu. Mpita njia asiye na uhusiano wowote na mtaa anaweza kuegesha pale pale usiku kucha na chama kisimfanye lolote, ilhali mwenye nyumba anayelipa kodi na ada anatozwa faini. Barabara ni moja, gari ni la aina moja, lakini anayeadhibiwa ni yule anayeilipia mara mbili.

Bunge la Arizona lilianza kulishughulikia suala hili kwa hatua. Kwanza lilisema kwamba mtaa wowote ambao masharti yake yalisajiliwa baada ya Desemba 31, 2014, chama chake hakina mamlaka juu ya barabara inayomilikiwa na serikali. Mitaa ya zamani iliachwa kama ilivyokuwa.

Mwaka wa 2023, wakati wa Gavana Katie Hobbs, sheria nyingine iligusa hiyo mitaa ya zamani. Kila chama kilichokuwa kikisimamia barabara za umma kilitakiwa kuitisha mkutano kabla ya Juni 30, 2025 kupita, na wanachama waamue kwa kura. Wengi wakikubali, na akidi ikitimia, chama kiendelee. La sivyo, mamlaka yaishe na jambo hilo lisajiliwe katika ofisi ya kaunti. Barabara za kibinafsi hazikuguswa.

Uzuri wa njia hiyo ni kwamba bunge halikuvunja mikataba kwa mkupuo mmoja. Liligeuza mzigo. Awali, mwanachama aliyetaka mabadiliko ndiye aliyehangaika kutafuta kura za kurekebisha masharti, kazi ngumu kwa sababu watu wengi hawahudhurii mikutano. Sasa ni kamati iliyotaka kubaki na mamlaka ndiyo iliyotakiwa kuwatoa watu majumbani waje wapige kura.

Hesabu za mwenye pikapu

Ili kuelewa ni nani anayeumia, tuchukue mfano wa fundi anayejitegemea. Ana gari lenye ngazi juu na jina la biashara ubavuni. Gereji yake imejaa vifaa, na mbele ya nyumba kuna nafasi ya gari moja tu, ambayo hutumiwa na mwenzake wa nyumbani.

Chama kikikataza magari ya kazi barabarani, fundi huyo ana njia tatu. Akodi sehemu ya kuegesha mbali na nyumbani. Ahamie mtaa mwingine. Au alipe faini kila mara. Tuseme kukodi kunamgharimu dola 100 kwa mwezi. Hizo ni dola 1,200 kwa mwaka kabla ya kuhesabu mafuta na muda wa kwenda kulichukua gari kila alfajiri. Kampuni kubwa yenye yadi yake haina gharama hiyo ya ziada, kwa hivyo sharti la mtaa linageuka kuwa faida kwa mkubwa.

Sheria yenyewe ya Arizona iliwahi kuonyesha upendeleo wa aina hiyo. Kipo kifungu kinachozuia vyama kukataza gari la kazi la mfanyakazi wa umeme, gesi, maji au mawasiliano anayetakiwa kuwa tayari kwa dharura, mradi gari lisizidi uzito wa ratili 20,000, yaani tani tisa hivi, na liwe na nembo rasmi. Wahudumu wa dharura kama wazima moto nao wamelindwa.

Kinga hiyo ina sababu nzuri, kwani umeme ukikatika usiku kila mtu hutaka fundi afike haraka. Lakini fundi anayejitegemea, ambaye pia huitwa usiku bomba linapopasuka, hakutajwa. Gari zito la kampuni liliruhusiwa, na gari jepesi la mtu binafsi likaachiwa huruma ya kamati.

Faini nazo zina tabia ya kuzaana. Mtu akikosa kulipa ya kwanza, huongezwa ada ya kuchelewa, kisha gharama za wakili. Jimboni Colorado, malalamishi kuhusu wakazi waliotishiwa kupigiwa nyumba mnada kwa sababu ya madeni yaliyoanza kama faini yaliwafanya wabunge wachukue hatua mwaka wa 2022. Sheria waliyopitisha iliweka kikomo cha dola 500 kwa kosa moja lisilohatarisha usalama au afya, na kukataza chama kunadi nyumba kwa sababu ya faini pekee.

Mgala muue na haki umpe

Haitakuwa haki kuvisawiri vyama hivi kama maadui wa wafanyabiashara. Vina hoja zenye uzito.

Kwanza ni usalama. Kanuni za zimamoto zinazotumika sana Marekani hutaka njia ya gari la zimamoto iwe na upana wa angalau futi 20, karibu mita sita, bila kizuizi. Magari yakipangwa pande zote mbili za barabara nyembamba, upana huo hupotea. Gari la taka nalo hukwama, na dereva hawezi kumwona mtoto anayechomoka katikati ya magari mawili.

Pili, nafasi ya kuegesha bila malipo ni kama malisho ya kijiji yasiyo na mwenyewe. Kila mfugaji hupata faida ya kuongeza ng'ombe mmoja, na hasara ya nyasi kuisha hugawanywa kwa wote. Mwenye magari matano huacha manne barabarani, na jirani mwenye mgeni mmoja hukosa pa kumwekea. Bila kanuni yoyote, mwenye vingi ndiye hunufaika.

Tatu, manispaa nyingi hazina askari wa kutosha kufuatilia magari usiku. Kamati ya mtaa ipo pale pale na huyaona.

Hivyo basi kanuni ni lazima ziwepo. Swali ni nani anapaswa kuzitunga. Manispaa ikiweka kanuni, humhusu kila dereva, mwenye nyumba na mpangaji, mkazi na mgeni. Anayeadhibiwa anaweza kwenda mahakamani, na diwani anaweza kuondolewa kwa kura. Mpangaji wa mtaa wenye chama, kinyume chake, hufungwa na masharti lakini kwa kawaida kura ni ya mwenye nyumba.

Serikali kuweka kanuni kali si jambo geni. Mwaka wa 1977 Mahakama ya Juu ya Marekani iliiunga mkono kaunti ya Arlington, jimboni Virginia, iliyokuwa imetenga maegesho ya baadhi ya mitaa kwa wakazi na wageni wao wenye vibali. Kwa hivyo mtaa unaotaka barabara tulivu bado una njia: uende kwa serikali ya mtaa, utoe hoja zake hadharani, na wale watakaoathirika wasikilizwe.

Colorado na Florida zafuata njia tofauti

Colorado haikusubiri kura za wanachama. Sheria nyingine ya 2022, iliyotiwa sahihi na Gavana Jared Polis, ilivikataza vyama kuzuia matumizi ya njia ya umma pale ambapo matumizi hayo yanakubaliana na kanuni za serikali ya mtaa. Kamati iliyokuwa na masharti ya maegesho katika barabara za aina hiyo ilibaki nayo kwenye karatasi tu.

Florida ilianzia kwenye gari lenyewe. Sheria iliyoanza kutumika Julai 1, 2024 inasema chama hakiwezi kumkataza mwenye nyumba, mpangaji wala mgeni kuegesha gari lake binafsi, pikapu ikiwemo, mbele ya nyumba au mahali pengine ambapo sheria za jimbo, kaunti au manispaa humruhusu. Gari la kazi pia linaruhusiwa mbele ya nyumba hata kama lina jina la biashara, ila si lori kubwa la zaidi ya ratili 26,000 (tani 11.8 hivi) au lenye ekseli tatu.

Sheria hiyo hiyo ina jambo litakalowafurahisha wakulima. Chama hakiwezi kumzuia mtu kuwa na shamba la mboga katika sehemu ya ploti yake isiyoonekana kutoka barabarani wala kutoka kwa majirani. Kwamba ilihitajika sheria ya jimbo ili mtu apande sukumawiki nyuma ya nyumba yake ni ishara ya kiasi ambacho masharti ya mitaa yalikuwa yamefika.

Afrika Kusini: barabara ya kibinafsi ni jambo jingine

Barani Afrika, kesi iliyotoa mwanga zaidi ilitoka mtaa wa Mount Edgecombe, karibu na Durban. Mkazi mmoja alipigwa faini baada ya gari la familia yake kupita mwendo wa kilomita 40 kwa saa uliowekwa na chama. Alipokataa kulipa, kadi za kumfungulia lango zilizimwa.

Mwaka wa 2017, Mahakama Kuu ilisema barabara hizo zilihesabika kuwa za umma chini ya sheria ya trafiki, na chama hakikuwa na idhini ya serikali kuweka mwendo wake. Ilibatilisha pia masharti yaliyobana mienendo ya wafanyakazi wa nyumbani ndani ya mtaa.

Machi 2019 Mahakama ya Juu ya Rufaa ilibadilisha uamuzi kuhusu barabara. Ilisema ni za kibinafsi, umma hauingii humo kwa haki yake wenyewe, na mwenye nyumba alikubali masharti kwa mkataba. Chama kikashinda.

Kesi hiyo haipingani na hatua za majimbo ya Marekani, bali inazikamilisha. Barabara ikiwa ya chama, mkataba una nguvu. Ikiwa ya umma, mkataba wa majirani hauwezi kuchukua nafasi ya sheria.

Funzo kwa Kenya

Hapa Kenya, msingi wa kisheria uko wazi kuliko watu wengi wanavyodhani. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinahesabu barabara zote zilizotajwa na sheria ya Bunge kuwa ardhi ya umma. Jedwali la Nne linakabidhi kaunti barabara za kaunti, taa, trafiki na maegesho. Kifungu cha 210 kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni inayoweza kutozwa bila sheria. Kamati ya wakazi haitajwi popote hapo.

Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka wa 2020 inalipa shirika la wenye nyumba mamlaka ya kusimamia mali yao ya pamoja, kwa mfano uwanja wa magari ulio ndani ya ploti ya maghorofa. Mamlaka hayo huishia kwenye mpaka wa ploti.

Hata hivyo, katika mitaa mingi mijini wakazi wameweka malango na vizuizi kwenye barabara zilizojengwa na serikali, mara nyingi kwa hofu ya kweli ya wizi. Msambazaji wa maziwa, mama mboga au fundi wa juakali akizuiwa hapo, akiamriwa kuacha gari mbali au kulipa ili apite, hasara huanzia kwake na kuishia shambani. Maziwa hayasubiri, na mboga zikinyauka bei hushuka.

Hii haina maana kwamba kila lango ling'olewe. Mfanyabiashara anayekabiliwa na kizuizi anafaa kwanza kuuliza mambo matatu.

Moja, barabara hii imesajiliwa kwa jina la nani? Ramani ya upimaji na rekodi za ardhi ndizo zenye jibu. Neno la mlinzi wa lango halitoshi.

Mbili, kama ni ya umma, kizuizi hiki kina idhini ya kaunti au mamlaka ya barabara iliyo kwa maandishi? Kama ipo, masharti ya idhini yanasemaje kuhusu magari ya kuleta bidhaa?

Tatu, pesa zinazodaiwa zinatozwa chini ya sheria gani, na risiti ni ya nani? Ada ya kuegesha inayotozwa na kaunti ina risiti ya kaunti.

Kwa upande wao, wakazi wanaotaka utulivu watapata matokeo ya kudumu zaidi wakienda kwa kaunti kuomba saa maalum za kushusha bidhaa, alama za kuzuia maegesho kwenye kona, au upande mmoja wa barabara uachwe wazi kwa magari ya dharura. Kanuni ya namna hiyo humfunga kila mtu sawa, na mwenye pikapu huijua kabla hajapakia mzigo.

Wanunuzi wa ploti zilizokatwa kutoka mashamba nao wawe macho. Kabla ya kuweka sahihi, ni vyema kusoma masharti ya mtaa mstari kwa mstari na kuuliza ni barabara zipi zitakabidhiwa serikali, na lini. Mkulima anayeuza sehemu ya shamba lake kwa kampuni ya ujenzi na kubaki na sehemu nyingine nyuma yake ana haja kubwa zaidi ya swali hilo. Njia ya kupitishia trekta na mazao yake ikigeuka kuwa barabara ya kibinafsi ya chama, huenda akajikuta akiomba ruhusa langoni kila msimu wa mavuno. Haki hiyo ya kupita iandikwe kwenye hati siku ya mauzo, wakati mnunuzi bado anamhitaji.